Vitufe vitatu na miguu ya watu wa Bujora

Ndugu zangu, leo nawapeleka Bujora. Asiyependa ngoma avumilie kidogo, tutafika kwenye simu na kompyuta muda si mrefu.

Bujora iko Kisesa, kama kilomita 20 hivi kutoka Mwanza mjini ukishika barabara ya Musoma. Ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma, kazi ya Padri David Clement, Mkanada ambaye wenyeji walimwita Fumbuka. Kila Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi, kuna sherehe ya Bulabo, na uwanja unajaa ngoma mpaka vumbi linakaa kwenye meno. Wengi huenda kumuona chatu. Na mimi nilienda kumuona chatu, nisiwadanganye.

Nilichoondoka nacho ni kitu kingine kabisa. Kanuni ya zamani ya mashindano ya ngoma ya Kisukuma ni hii: makundi mawili, Bagika na Bagalu, yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Watazamaji wako huru. Ukichoka huku unahamia kule. Kundi lenye umati mkubwa ndilo limeshinda, basi. Hakuna kadi za alama wala mtu wa kukata rufaa kwake. Majina ya makundi hayo yanatokana na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na uhasimu wao ulirithiwa na vijiji vizima.

Sasa fikiria wewe ndiye manju. Umeanza wimbo wako vizuri, halafu unaona watu mia wanageuza visigino. Utafanya nini? Unaukatiza. Unaingiza kisa cha jana sokoni. Unamtoa chatu kabla ya zamu yake, au mtu anayejifanya fisi, au wale wa majembe wanaoyarusha hewani na kuyadaka. Kuna na dawa za kuvuta watu, watakuambia wenyewe (mimi sijazijaribu). Ila hata mwenye dawa kali kuliko zote, onyesho alilolipanga asubuhi silo atakalolimaliza jioni. Limeshapindishwa na miguu ya watu.

Wakati wa kupumzika tukakaa kivulini na soda, na rafiki yangu mmoja, kijana wa kompyuta wa pale mjini, akanipa simu yake. "Soma hii," akasema. Ilikuwa hadithi. Kila baada ya aya chache inasimama na kukuuliza: mhusika afanye nini? Chini kuna vitufe vitatu. Unabofya kimoja, hadithi inakwenda njia hiyo. Nilikufa mara mbili kabla soda haijaisha. Rafiki yangu akaniambia kwa fahari kwamba hii ni sanaa mpya, huku kwetu haijawahi kuwepo, msomaji kuamua hadithi.

Nikatazama uwanja. Nikatazama simu. Jamani...

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichimba historia ya jambo hili, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata. Mengine yalinishangaza.

Tuanzie huko wanakosema ilianzia. Mwaka 1969 Edward Packard, mwanasheria wa Marekani, alikuwa na desturi ya kuwasimulia mabinti zake hadithi kabla ya kulala. Usiku mmoja akaishiwa. Akawauliza: sasa mhusika wetu afanye nini? Kila binti akajibu lake. Badala ya kuchagua jibu moja, Packard akaona kwamba yote mawili yanaweza kuendelea. Kitabu alichokiandika kwa mtindo huo kilikaa miaka kadhaa bila mchapishaji, kikatoka 1976, na mwaka 1979 ukaanza ule mfululizo wa vitabu vya "ukitaka kuingia pangoni nenda ukurasa wa 20" uliosomwa na watoto wa nusu ya dunia.

Miaka hiyohiyo mtaalamu mwingine wa Marekani, Will Crowther, aliyependa sana kutembea mapangoni, alitengeneza kwenye kompyuta kubwa za kazini mchezo wa maneno matupu. Unaandika "nenda kaskazini", kompyuta inakusimulia unachokiona. Ulikuwa mwaka 1976 hivi. Crowther alikuwa ametengana na mkewe, na sehemu ya sababu ya kuutengeneza ilikuwa mabinti zake, apate kitu cha kucheza nao. Mwaka uliofuata Don Woods akauongeza, na kizazi kizima cha hadithi za kompyuta kikazaliwa humo. Mwaka 2009 Chris Klimas akatoa Twine, programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuandikia hadithi yenye matawi bila kuwa fundi. Hadithi ya rafiki yangu ilitengenezwa kwa Twine.

Mmeona lakini? Baba wawili na mabinti zao. Kumbe kitu kinachoitwa teknolojia kilianza na mtoto kumwambia msimulizi, hapana, mimi sitaki hivyo.

Na hilo kila mmoja wetu aliyelelewa na bibi analijua. Bibi yangu wa Magu alikuwa na hadithi ya Masala Kulangwa, kijana aliyelipasua zimwi Shing'weng'we lililokuwa limemeza watu wote, wakatoka wazima. Ipo nyongeza: wakati wa kulipasua, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja tumboni humo, naye badala ya kushukuru akaweka kisasi. Tukiwa tumechoka bibi aliishia kwenye ushindi. Tukiwa wachangamfu aliuliza, "Wajukuu zangu, mnamtaka yule bibi wa sikio?" Tukisema ndiyo, nusu saa nyingine. Na dada yangu ndiye aliyekuwa akidai kila mara yule bibi alipwe sikio lake, mpaka siku moja akalipwa, ng'ombe kadhaa.

Halafu likaja karatasi. Hapa lazima nivuke maji niende Ukerewe.

Aniceti Kitereza, wa Kagunguli, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ajabu ya Myombekere na Bugonoka, mke na mume wanaotafuta mtoto. Aliwekamo kila kitu: kilimo, uvuvi, dawa, posa, methali, maneno ya ulevini. Alihofia lugha na maisha yale yatapotea. Lakini nani achapishe kitabu kikubwa hivyo kwa lugha ya kisiwa? Padri mmoja mmisionari alihangaika kukiweka katika Kifaransa, hakikuchapwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani wawili waliokuja Ukerewe kufanya utafiti, Gerald na Charlotte Hartwig, walimtia moyo akitafsiri kwa Kiswahili. Mzee akakaa chini, akakitafsiri mwenyewe chote. Tanzania Publishing House, wakati huo chini ya Walter Bgoya, ikakitoa 1980, kikiwa kimechapwa China. Mwaka 1981 Kitereza akafariki kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Miaka 35. Hapo ndipo ninapokwama kila nikimfikiria. Mtu aliyekulia kwenye moto wa jioni, ambako msikilizaji anamkatiza msimulizi kila sentensi ya tatu, aliandika hadithi kisha akangoja miaka 35 bila hata mtu wa kumwambia "hapana, haikuwa hivyo". Hata hivyo siwezi kulilaani karatasi. Nyimbo zilizowahamisha watu uwanjani mwaka huohuo wa 1945, ngapi unaweza kuziimba leo? Bugonoka bado yupo. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mtoto wa Ukerewe, alimpeleka hadi kwenye Kiingereza. Karatasi linatunza, ila halisikii.

Sasa tufike kwenye kisa kilichonifanya niandike haya yote.

Afrika Mashariki ya miaka ya 1970 walikuwepo watu waliotaka kuvirudisha pamoja, maandishi na midomo ya watu. Kenya, mwaka 1977, pale Kamirithu karibu na Limuru, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika mchezo wa Kikuyu wakaufanyia mazoezi hadharani. Wanakijiji walikuwa wakikaa na kusahihisha: mzee haongei hivyo, kiwandani hatufanyiwi hivyo. Mchezo ukawa wao. Novemba serikali ikaufungia, mwishoni mwa Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima. Na Machi 1982 jukwaa lao lenyewe likabomolewa. Kumbe kuwaachia watu kalamu ni jambo zito.

Mwaka huohuo wa 1982, upande huu wa mpaka, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishuka kwenye treni ya reli ya kati iendayo Mwanza... nasema treni kwa kubuni tu, maana Malya ina stesheni. Huenda walikuja kwa Landrover. Malya iko Kwimba. Walikuwamo Penina Mlama, ambaye wengi tulimsoma shuleni kwa jina la Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi. Hawakuja na mchezo mfukoni. Walikuja kuishi na watu, kuuliza kinachowakera, kukichambua pamoja nao, kisha wanakijiji wenyewe watengeneze onyesho kwa ngoma na maigizo yao. Onyesho likishachezwa, mjadala. Baada ya mjadala, hatua. Kazi hiyo iliendelea hadi 1983, na Mlama ameieleza katika kitabu chake cha 1991 kuhusu sanaa za maonyesho kwa maendeleo Afrika.

Na kilichokuwa kikiwakera watu wa Malya ni nini? Vijana wasio na kazi, na wasichana kupata mimba.

Hapa tofauti na simu ya rafiki yangu inaonekana wazi. Kwenye simu mimi ndiye "ninayeamua", lakini mwandishi ameshaamua mapema ni mambo gani matatu ninaweza kuyaamua. Malya hapakuwa na orodha. Aliyekaa uwanjani aliweza kusema kwamba kisa chenyewe kimeanza mahali pasipo pake. Ulikuwa ni uhuru wa Bagika na Bagalu umeongezewa mdomo: sihami tu, nasema kwa nini nahama.

Lakini nisipambe. Mkutano wa kijiji nao una vitufe vyake, havionekani tu. Fikiria msichana wa miaka 16 aliyekaa mwisho wa uwanja, baba yupo mbele, mwenyekiti yupo mbele, na mwalimu mkuu pia. Na juu ya kijiji ipo nchi. Kwa miongo mingi msichana aliyepata mimba nchini mwetu alifukuzwa shule, na Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba hawatarudi. Novemba 2021, chini ya Rais Samia, Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi. Yaani kitufe cha "arudi darasani" kiliwekwa kwenye hadithi ya nchi karibu miaka 40 baada ya Malya. Wale wa Malya wangeigiza mpaka kuche, mwisho wa namna hiyo ungebaki uwanjani.

Baada ya hapo hadithi zikaingia redioni. Julai 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha "Twende na Wakati", mchezo wa uzazi wa mpango na UKIMWI. Mnaokumbuka mtamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu. (Watu wa Dodoma msijisikie vibaya kama hamkumbuki mwanzo wake. Kituo chenu hakikuurusha mpaka 1995, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Mlikuwa kipimo.) Wasikilizaji waliandika barua, wakatukana, wakashauri. Jina la Mkwaju likawa la kumwambia mwanaume asiyetulia. Lakini mtindo wa mchezo huo, uliotoka kwa Miguel Sabido wa Mexico, unataka mhusika mbaya aonje matokeo ya ubaya wake. Barua zako ziliweza kugusa njia, mwisho wa Mkwaju ulishaandikwa ofisini. Siulaumu, UKIMWI ulikuwa unaua watu. Nasema tu kwamba huo sio uwanja wa Bujora.

Karibu zaidi na Bujora, mtanicheka, ni magazeti ya udaku. Miaka ya 2000 magazeti kama Uwazi, Ijumaa na Risasi yaliuza kwa hadithi za mfululizo, na bingwa wao Eric Shigongo ni mtu wa huku kwetu, aliyekuja kuwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020. Chini ya hadithi palikuwa na namba ya simu. Msomaji wa Igoma aliweza kumtumia mwandishi meseji kwamba akimuua huyo dada hanunui tena gazeti. Hiyo ndiyo miguu yenyewe! Shilingi imehama uwanja. Wasomi walizidharau hadithi hizo na baadhi zilistahili. Ila kwenye daladala nilikuwa nasikia watu wakizibishania kuliko nilivyowahi kusikia wakibishania kitabu cha mtihani.

Kisha simu zenyewe zikawa jukwaa. Kenya ikaanzisha Shujaaz mwaka 2010, katuni ya bure yenye kijana Boyie anayetangaza redio kwa siri kutoka chumbani, na vijana wanamwandikia kama mtu wa kweli. Mwaka 2015 ikaja Tanzania. Ubongo Kids ikaanza kwenye TBC1 mwaka 2014: mtoto aliona swali kwenye katuni, akatuma A, B au C kwa meseji, na mhusika akamjibu. Vizuri sana. Ingawa hesabu ina jibu moja, hivyo tusiite kuchagua.

Basi mimi na yule rafiki yangu tukasema tujaribu yetu, kwa Twine, kwa Kiswahili, ya Mwanza. Mhusika ni binti wa kidato cha pili, Kirumba, amegundua ana mimba. (Ndiyo, niliichukua Malya.) Vitufe vitatu: amwambie mama yake, akimbilie kwa shangazi Ukerewe, au anyamaze. Tulijivunia kweli, tawi la Ukerewe lina hadi sauti ya injini ya meli.

Tukaipeleka Mwaloni, sokoni kwa dagaa, tuwape watu wasome. Vijana walibofya haraka na kusema safi. Kisha mama mmoja muuza dagaa, baada ya shikamoo na kuulizwa sisi ni watoto wa nani, akaomba kijana wake amsomee kwa sauti. Ilipofika kwenye vitufe akanyamaza. Tukadhani hajaelewa, rafiki yangu akaanza kumuonyesha pa kubonyeza.

"Nimeelewa, mwanangu," akasema. "Baba wa mtoto yuko kitufe kipi?"

Hatukuwa naye. Vijana wawili wenye elimu, tumesoma historia yote hii, tumeandika kurasa 40 na zaidi, na mwanaume hayumo. Kila njia tuliyomwekea binti ni ya kubeba mzigo mwenyewe, tofauti ni mahali tu pa kuubebea.

Tukaongeza kitufe cha nne usiku ule. Tatizo la Twine ni kwamba kitufe ni rahisi, kinachofuata ndicho kazi: akimfuata huyo mwanaume inakuwaje? Hatukujua. Kesho yake tukarudi kumuuliza mama, na wenzake watatu wakasogea na ndoo zao. Mmoja akasema apelekwe polisi. Mwingine akasema polisi wa nini, huyo ni dereva wa bodaboda, keshahamia Geita. Wa tatu akataka kwanza tuambiwe binti ana miaka mingapi. Tuliandika kwenye daftari mpaka jua la saa tisa.

Tawi hilo sasa lina kurasa 11 na halijaisha. Juzi tulilipeleka tena, na yule mama wa polisi amekataa namna tulivyomuandika mjumbe wa nyumba kumi. Anasema mjumbe wa kweli hasemi hivyo, tufute, tuanze upya kuanzia pale anapobisha hodi.